Maoni ya Mtazamaji wa Migori

S.L.P. 88,
Homa Bay.
4 Agosti 1996

Kwa kaka yangu Japheth,

Naanza na salamu kabla hujanikemea kwamba nimekosa adabu. Sisi huku ni wazima. Goti la Mama limetulia tangu mvua ipungue, na Sabato iliyopita alitembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, akigombana na mbwa wa jirani njia nzima. Msalimie sana shemeji Rael. Mama anauliza kama bado anapika ule uji wa wimbi aliompikia mwaka ule alipougua, maana mimi nikiujaribu anasema nimempa gundi.

Naandika kwa Kiswahili kama marehemu Baba alivyotuzoesha: Kijaluo cha kuongea, Kiswahili cha barua. Miaka minne yuko kaburini na bado naogopa kuvunja sheria yake.

Omera, ndugu yangu, nimetengeneza filamu! Usicheke kwanza, subiri ufike pa kuchekea. Unamkumbuka Cephas, yule aliyekurekodia harusi yako mwaka wa tisini na moja? Bado ana kamera ileile, na kazi yake bado ni harusi na matanga. Kwa hiyo tulipiga picha siku ambazo hakuna aliyeoa wala kuzikwa, na ndiyo sababu tumemaliza baada ya miezi saba. Jina lake ni *Kaka, Jenga!* Inachukua dakika hamsini na mbili. Ni kichekesho cha ndugu wawili. Mkubwa, Obare, yuko mjini na haji nyumbani kujenga. Mdogo anataka kuoa lakini hawezi kujenga kabla ya mkubwa wake. Kila akimwandikia, Obare anajibu neno moja tu: "Tutaona." Basi mdogo anajenga nyumba juu ya mkokoteni. Wazee wakija kukagua boma, anaisukuma nje ya ua na kusema hajajenga kitu. Mwishowe Obare anakuja amebeba mlango mgongoni, mlango mtupu, anausimamisha kwenye nyasi na kuugonga.

Mimi ndiye Obare. Nimevaa lile koti lako la kahawia uliloacha nyuma ya mlango wa Mama. Mdogo ni Monari, Mkisii anayeuza ndizi stendi, na Kijaluo chake peke yake ni kichekesho.

Tumeionyesha mara tatu katika banda la video hapa mjini. Maoni ni haya. Bwana mmoja alisema hajawahi kuona filamu ambayo hakuna mtu anayepigwa hata teke moja. Mwingine alisema sauti iko chini, na ni kweli, jenereta ilinguruma nje mpaka nikasimama kando ya televisheni nikapaza maneno yote mwenyewe. Akina mama walicheka mbuzi alipopanda mkokoteni. Na katikati kuna kasoro: kanda tuliyotumia ilikuwa na harusi ya zamani, na pale pengo lilipobaki kati ya vipande viwili, bibi harusi anatokea kidogo, anacheka, anapotea. Cephas alitaka kufuta. Watu wakakataa, wanadhani ndiyo ndoto ya Obare.

Sasa kile kilichonifanya nishike kalamu. Kaka, huyo mdogo si wa filamu tu, ni mimi. Baba yake Phanice, msichana ninayetaka kumwoa, amesema binti yake hawezi kuja kuishi kwenye simba, hiki kibanda cha kijana asiyeoa, na amenipa mpaka Pasaka. Baada ya hapo kuna mwalimu wa Rongo anayemtaka, na mwalimu ana nyumba ya mabati. Unaijua desturi kuliko mimi. Wewe usipokuja kusimamisha nguzo yako, yangu haiwezi kusimama. Siombi jumba la kifahari. Njoo na shemeji, wiki moja tu.

Mdogo wako,
Levis

•

Migori
25 Agosti 1996

Mdogo wangu Levis,

Salamu zako nimezipokea. Mimi ni mzima. Rael anakusalimu, na anamwambia Mama kwamba siri ya uji ni kuuacha uchachuke siku mbili, asikukubali wewe unayepika kwa haraka. Biashara ya cherehani inaenda. Nimehamia kwenye veranda nyingine karibu na soko, ya zamani ilikuwa inavuja juu ya vitambaa vya watu.

Habari ya filamu nimeisoma. Sikujua kwamba nacheza ndani yake bila kuulizwa. Koti langu naomba lirudishwe nyuma ya mlango, likiwa na vifungo vyake vyote.

Kuhusu kujenga, mwaka huu umekuwa mgumu. Kuna mambo ninayoyanyoosha huku. Usiniharakishe. Tutaona.

Nimeandika neno hilo kisha nikakumbuka. Siwezi kulifuta, karatasi itachanika.

Kuna jambo dogo nataka kutoka kwako. Ile kanda ya harusi yetu iko kwenye sanduku chini ya kitanda cha Mama, imefungwa kwa kitambaa cha gauni kilichobaki. Sikuwahi kuiangalia kwa sababu hatukuwa na mashine. Sasa hapa veranda ya pili kuna fundi wa redio, jina lake Gisiri, ana mashine ya video na ni mtu mzuri. Niletee kupitia mtu unayemwamini. Rael anatamani kuiona.

Kaka yako,
Japheth

•

S.L.P. 88,
Homa Bay.
18 Septemba 1996

Kaka Japheth,

Mama anakusalimu. Anasema siku hizi unaandika barua fupi kama risiti. Amefurahi kusikia siri ya uji, ameuchachusha siku mbili na sasa nyumba nzima inanuka. Mpe shemeji Rael salamu zetu. Koti limerudi mahali pake. Kifungo kimoja kilimezwa na mbuzi, nitakununulia kingine.

Nimezunguka ziwani na filamu, kwa hiyo ngoja nikusimulie. Tulianza Remba. Kile kisiwa ni kama sokoni siku ya mnada, mabati yamebanana mpaka mtu akipiga chafya mwenzake wa nyumba ya tatu anamwombea heri. Watu ni wa Kenya, Uganda na Tanzania, na wote wametoka kuvua wamechoka. Nilidhani watatutupia samaki. Kumbe walicheka mpaka benchi likavunjika! Kipande cha mbuzi wametulazimisha kukirudisha nyuma mara tatu. Na sasa neno lako limekuwa mali ya kisiwa. Ukimuuliza mvuvi atakulipa lini, anajibu "Tutaona," na kikohozi chako anakiweka. Maana kikohozi pia nimekiigiza, nisamehe.

Mfangano ilikuwa tofauti. Katekista mmoja alisimama katikati ya filamu akasema, "Nyinyi watoto mnacheka desturi. Baba zenu wangewacharaza." Kisha akakaa akaangalia mpaka mwisho. Nilipomuuliza maoni, akasema nyumba ya mkokoteni ni akili, lakini mlango bila nyumba ni upumbavu, filamu nzuri huisha na nyumba. Kisegi wanawake watatu walinizingira mlangoni. Mmoja akaniuliza, "Sasa huyo Obare, mbona hana mke? Mwanamume mzima kama huyo anaogopa nini kuja kwao?" Nilimwambia filamu ilikuwa haina bajeti ya mke.

Na kila mahali, kaka, wanaulizia yule bibi harusi. Ni nani? Anamcheka nani? Anaangalia kando ya kamera, anasema neno lisilosikika, kisha anacheka kwa mwili mzima. Remba wameweka mabishano: kundi moja linasema anamcheka Obare, lingine linasema anamcheka mbuzi. Nimewaambia ni mtu wa zamani wa Cephas.

Kuna mama anayeuza dagaa wa omena pale Remba, anaitwa Edinah, alikaa akaangalia mara mbili. Baada ya hapo aliniita kando akaniambia kitu. Sitakiandika. Tukionana tutaongea.

Kanda yako ya harusi iko salama. Nikipata mtu wa kuaminika nitaituma.

Phanice bado ananisubiri. Baba yake hakohoi, anahesabu wiki tu. Utakuja lini?

Mdogo wako,
Levis

•

Migori
30 Septemba 1996

Levis,

Tuko wazima hapa. Rael anakusalimu na kumsalimu Mama. Ana mafua kidogo lakini yanapungua.

Mtu wa kuaminika ni dereva wa lori la sukari, Nyakundi, anapita Homa Bay kila Jumanne na kulala kwa dada yake karibu na hospitali. Mpe kanda. Nilishamwambia Gisiri, na ameniwekea Jumapili mchana mashine ikiwa haina kazi. Nimekuomba kanda mara mbili sasa.

Watu wa Kisegi waambie Obare ni mtu wa karatasi, waache kumuulizia mke.

Huyo Edinah alikuambia nini?

Japheth

•

S.L.P. 88,
Homa Bay.
2 Desemba 1996

Kaka Japheth,

Salamu kwako. Mama ni mzima.

Najua nimechelewa miezi miwili. Nyakundi alinipitia Jumanne nne, na Jumanne zote nne nilijificha studio kwa Cephas, nikamwambia aseme nimesafiri. Mara ya tano Nyakundi aliniona kupitia dirishani nimejikunja chini ya meza. Akaniangalia, akatikisa kichwa, akaondoka. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba chini ya meza. Hiyo ingefaa kwenye filamu.

Kaka, kanda haipo. Ile harusi inayotokea katikati ni yako. Yule bibi harusi ni Rael.

Nitakuambia ilivyokuwa. Tulikuwa tumebakiza kuunganisha filamu na hatukuwa na kanda ya kuwekea. Nilikuja nyumbani, Mama akiwa shambani, nikavuta sanduku. Nilijiambia kwamba miaka mitano hakuna aliyeiangalia. Nilijiambia kwamba una Rael mwenyewe ndani ya nyumba, ya nini picha yake? Nikakifungua kile kitambaa. Cephas hakujua ni ya nani, nilikuwa nimebandua karatasi. Wakati wa kuunganisha aliacha pengo mahali pamoja tu, na hapo ndipo kilipobaki kipande hicho. Mengine yote, kanisa, Baba akihutubia, wewe ukikata keki, yamekwenda. Juu yake nimejiweka mimi, katika koti lako, nikikuigiza.

Mama ndiye aliyenifichua. Alikuwa amekataa kuangalia, akisema sinema ni upuuzi, lakini mwezi uliopita alikuja studio kupumzisha goti na Cephas akamwekea. Alicheka kidogo. Ilipofika pale akainuka kwenye kiti. "Ma en Rael," akasema. Huyu ni Rael. Kisha akaniuliza polepole, "Levis, hii umeitoa wapi?" Hakuzungumza nami tangu siku ile mpaka Sabato ya juzi. Aliponiongelesha aliniambia hivi: "Umemwandikia ndugu yako, au na wewe unangojea tuone?"

Nimekuandikia basi. Sitakuuliza kuhusu nyumba katika barua hii, sina uso wa kuulizia. Wala sitaandika alichosema Edinah. Nitakuambia tu kwamba omena yake huipeleka mpaka Shirati, ng'ambo ya mpaka, kila wiki mbili, na anawajua watu wa soko la huko.

Nisamehe, kaka. Kama huwezi, niambie huwezi.

Levis

•

Migori
17 Desemba 1996

Levis,

Barua yako imefika.

Shule zinafunguliwa Januari na nina sare mia na kumi za kushona. Sina nafasi ya kuandika.

Uliandika "Salamu kwako" tu. Siku zote ulikuwa unamsalimu na shemeji.

Japheth

•

S.L.P. 88,
Homa Bay.
5 Februari 1997

Kaka,

Mama anakusalimu na mimi nakusalimu. Krismasi ilipita bila wewe. Mama alikuwekea sahani, kisha akaila mwenyewe kesho yake.

Shule zimefunguliwa mwezi mzima sasa na hujaandika. Sina ugomvi na kimya chako, nimekitafuta kwa mikono yangu. Nilijaribu kukuandikia mara tatu na kila mara nikaanza kuchekesha, halafu nikachana. Simba langu hili nalijua kila ufa. Jioni nakaa mlangoni, naangalia upande ule wa boma ambapo nyumba yako ingekuwa, na ule ambapo yangu ingekuwa, na pote ni nyasi na mbuzi wa jirani. Wakati mwingine natamani hata uje unigombeze.

Baba mdogo Simeon alipita hapa. Sikumwambia lolote. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba wazee wanaweza kutafuta njia kwa mtu mwenye shida yoyote, lakini hawawezi kumtafutia njia ya jambo ambalo hawajaambiwa. Nakuandikia tu alichosema.

Jambo lingine ni hili. Mtu mmoja ameichukua filamu kuionyesha Migori, kwenye banda lile nyuma ya soko, Jumapili tarehe kumi na sita, saa nane na saa kumi na moja. Nilitaka kukataa. Kisha nikaona si haki yangu tena kuamua nani aione na nani asiione. Ukisikia watu wanacheka upande huo siku hiyo, ujue ni mimi. Kama hutaki kuisikia, funga veranda mapema uende mbali.

Levis

•

Migori
20 Februari 1997

Mdogo wangu Levis,

Salamu kwako na kwa Mama. Mwambie mwakani asile ile sahani peke yake.

Nilifunga veranda saa saba. Nilitembea mpaka darajani ili niwe mbali na soko, kama ulivyonishauri, nikasimama pale nikiangalia wanawake wakifua. Saa nane kasoro kidogo nilikuwa mlangoni mwa lile banda. Miguu haikuniuliza.

Umezoea kuniletea maoni ya watazamaji. Haya ni ya mmoja wa Migori.

Niliketi benchi la nyuma. Palikuwa na watu kama arobaini. Sauti iko chini kweli. Mbuzi ni mwigizaji kuliko wewe na Monari mkiunganishwa. Nyumba ya mkokoteni ilinichekesha, nakiri, hasa pale gurudumu linapotoka mbele ya wazee na mdogo analikalia ili lisionekane. Watu walicheka sana kila Obare alipokohoa. Jirani yangu, mtu nisiyemjua, alinigonga kwa kiwiko akasema, "Huyu jamaa anafanana na mtu fulani hapa mjini!" Nikamwambia inawezekana. Mimi sitembei hivyo, Levis. Kichwa naweka upande, sawa, lakini magoti yangu sijawahi kuyatupa namna ile.

Kasoro kubwa ni moja, na wale wanawake wa Kisegi waliiona kabla yangu. Obare anasema "Tutaona" mara kumi na moja, nimehesabu, na hakuna hata mara moja filamu inatuambia anaogopa nini. Umemfanya mvivu. Si mvivu.

Rael aliondoka Machi tisini na tano. Tuliishi miaka minne bila mtoto, na mimi nikawa mtu wa kimya. Anarudi kutoka sokoni, ananiongelesha, nasema tutaona. Anasema twende hospitali pamoja, nasema tutaona. Asubuhi moja alisema anakwenda kumwona dada yake Shirati, akachukua mfuko mdogo, sikushtuka. Mfuko mdogo huo ndio umekuwa mwaka wa pili sasa. Yuko huko, anauza mandazi sokoni, na najua hivyo ndivyo Edinah alivyokuambia, kwa sababu mimi mwenyewe nimekwenda mara moja nikamwona kwa mbali, nikarudi na basi lilelile.

Sikuweza kuwaambia. Siku ya kusimamisha nguzo mke husimama kando ya mumewe, na wazee wangeuliza wangu yuko wapi. Basi nikawa nakuletea salamu zake. Mwanzoni ilikuwa neno la kujaza mstari. Baadaye nikaanza kuzitunga vizuri, uji uchachuke siku mbili, mafua yanapungua. Nikimaliza kuandika najisikia kama kuna mtu chumbani. Ulipoandika salamu kwangu peke yangu, nilijua unajua, na nyumba ikawa tupu upya. Nilikaa siku nyingi nimekukasirikia, na nilijiambia ni kwa sababu ya kanda.

Ile kanda niliitaka kwa sababu sikumbuki tena sauti yake ikicheka. Nakumbuka akinyamaza, hiyo nakumbuka vizuri sana.

Sasa kuhusu kile kipande. Kwanza kunakuja mistari, televisheni inaruka, kisha yuko pale. Ni sekunde tisa. Nilikaa mpaka onyesho la saa kumi na moja ili nihesabu tena, na ni tisa. Gauni nililishona mwenyewe, unajua, nikalimaliza saa ya kwenda kanisani, na kwenye picha unaona upindo wa kushoto umeshuka. Miaka yote hii sikujua. Ameliinua gauni ili asilikanyage, hana viatu, anajifuta jasho kwa shela. Anageuka kando ya kamera, anasema kitu, anacheka. Banda zima lilicheka naye, watu arobaini, hata yule jirani yangu wa kiwiko.

Watu wa Remba waliuliza anamcheka nani. Waambie wamalize mabishano. Ananicheka mimi. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Cephas, nimeshika viatu vyake vyeupe, kimoja kila mkono, kwa sababu vilimbana na aliniomba nimshikie kidogo tu. Nilikuwa nimevishika mbali na koti langu jipya nisilichafue. Alichosema ni hiki: "Japheth, umeshika viatu kama mtu aliyeokota vyura." Nilikuwa nimelisahau neno hilo. Nililikumbuka pale kwenye benchi, na nililia, Levis, nakuambia wazi, nililia katikati ya watu waliokuwa wanacheka na hakuna aliyeona tofauti.

Kwa hiyo sitasema nimekusamehe kana kwamba ni jambo jepesi. Umefuta kanisa, umefuta sauti ya Baba, hilo litaniuma mpaka nife. Lakini kama ungeniletea kanda nzima ningeiangalia kwa Gisiri mlango umefungwa, halafu ningekuandikia kwamba Rael ameipenda.

Wiki ijayo nitakwenda Shirati. Safari hii nitafika mpaka kwenye meza ya mandazi. Sijui atasema nini, na sitaki kukuahidi kitu kwa ajili yake. Lakini hata akisema hapana, nitakuja. Mwambie Baba mdogo Simeon akusanye wazee Jumapili ya tarehe tisa Machi. Nitawaambia yote kwa mdomo wangu. Wakisema nijenge chumba kimoja cha mtu mmoja, nitajenga chumba kimoja, na siku itakayofuata wewe utasimamisha nguzo yako. Mwambie baba yake Phanice ahesabu vizuri, Pasaka bado.

Nimenunua mlango. Ni wa mninga, seremala alikosea kipimo cha mtu mwingine. Nyakundi ataufunga juu ya lori. Katekista wa Mfangano akiuliza, mwambie nyumba inafuata.

Usimruhusu Cephas afute kile kipande, hata mkitengeneza nakala mia. Na koti langu nitalivaa siku hiyo, kwa hiyo shona kifungo.

Ninakusalimu mimi, peke yangu.

Kaka yako,
Japheth